Mchezo Mmoja Hadi Mwisho



Katika vikundi vyetu limezuka swali ambalo wazee wengi hulijibu kabla ya kulisikiliza: je, kijana anayecheza michezo ya zamani ya Kijapani katika simu anapoteza wakati wake? Twaona inafaa kulijibu kwa utulivu, kwa njia tuliyoizoea: kuona, kupima, kisha kutenda.

Tuone kwanza michezo yenyewe. Simu ya kawaida ya leo, ikiwekewa programu inayoiga mashine za zamani, huweza kubeba michezo mingi iliyotungwa kabla ninyi hamjazaliwa. Dragon Quest ulitoka Japani mwaka 1986, Final Fantasy mwaka 1987, Chrono Trigger mwaka 1995, Final Fantasy VII mwaka 1997. Hizo ni hadithi ndefu. Mchezaji huongoza kundi dogo la wasafiri, huenda kijiji hadi kijiji, huzungumza na wenyeji, hupigana kwa zamu na kupata nguvu polepole. Maneno ni mengi kama ya kitabu, kwa Kifaransa au Kiingereza, na asiyesoma hafiki mbali. Tena hadithi hizo zina mwisho. Hapo zinatofautiana na michezo mingi ya sasa iliyoundwa isiishe ili mchezaji aendelee kulipa, na zinatofautiana zaidi na kamari ya simu, ambayo hula fedha ya chumvi na ya shule.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba yote ni upuuzi. Hatari tunayoiona ni nyingine, nayo ni wingi. Kijana hujaza michezo thelathini katika simu, huanza mmoja, huuacha, huanza wa pili. Tufanye hesabu. Final Fantasy VII huhitaji yapata saa 40. Michezo ishirini ya namna hiyo ni saa 800, na anayecheza saa moja kila siku atahitaji zaidi ya miaka miwili. Orodha ya namna hiyo hugeuka deni: mtu hucheza ili apunguze idadi, wala hasikii tena anachoambiwa. Mshika mbili moja humponyoka. Mshika thelathini atabaki na nini?

Tupime sasa kinachopotea, kwa mfano wa mchezo huo mmoja. Final Fantasy VII huanza kwa mlipuko. Kampuni iitwayo Shinra inafyonza uhai wa dunia ili izalishe umeme, na kundi la watu wenye silaha, likiongozwa na Barret, linalipua mtambo wake. Anayeucheza kwa saa mbili na kuuacha ameondoka na funzo moja: kwamba ushujaa ni bunduki na baruti.

Anayeendelea atafika Corel. Huo ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe, na ndiko Barret alikozaliwa. Kampuni ilipotaka kujenga mtambo hapo, Barret alikubali kwa kutumaini maisha bora. Rafiki yake Dyne alikataa. Mtambo ulilipuka, wenyeji wakasingiziwa, mji ukachomwa moto. Barret alimpoteza mkewe. Yeye na Dyne walijeruhiwa mkono mmoja kila mtu, na mahali pa mkono kila mmoja akafungiwa bunduki. Jeraha lilikuwa moja, lakini njia zikawa mbili. Dyne aliigeuzia dunia nzima chuki yake, akaua ovyo, na mwishowe akajitupa bondeni. Barret alimchukua Marlene, binti mdogo wa Dyne, akamlea kama mtoto wake. Hata hivyo naye alikuwa na la kujibu. Karibu na mwisho anakiri kwamba ile mitambo aliyoilipua iliua wasio na hatia, kwamba jina la kuiokoa dunia lilifunika kisasi, na kwamba sababu yake ya kweli ya kupigana ni yule mtoto.

Je, sisi wa Masisi na Walikale tunahitaji kufafanuliwa habari hiyo? Mara ngapi tumesikia wenye silaha wakisema wanailinda jamii, huku jamii hiyo ikiwakimbia na magodoro kichwani? Vijana wangapi wamevutwa na saa mbili za mwanzo, wasielezwe kamwe kuhusu mwisho?

Na hata kifaa kinachobeba hadithi hiyo kina mawe yetu ndani yake. Koltani hutoa tantalamu, inayotengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme katika simu na kompyuta. Kasiterite hutoa bati linalounganisha vipande hivyo. Machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Kutoka Bisie, katika Walikale, kasiterite ilipita msituni kwa miaka mingi mgongoni mwa wapagazi, kabla mgodi wa kampuni kuanza kuzalisha mwaka 2019. Mwaka 2000 simu zilikuwa zikienea duniani na mashine ya PlayStation 2 ikaanza kuuzwa Japani. Bei ya koltani ilipanda mara kadhaa, kisha ikaanguka. Katikati ya vita, wengi waliacha mashamba na shule wakaenda mashimoni. Hadithi ya Corel haikuandikwa kwa ajili yetu, lakini wachache duniani wanaweza kuisoma kwa kina kama sisi.

Basi tutende. Kikundi kichague mchezo mmoja. Kwa saa mbili kila juma, mchezo wa saa 40 utakwisha kwa majuma ishirini. Mmoja ashike simu, mwingine asome kwa sauti, mwingine aeleze kwa Kiswahili, na zamu izunguke kwa wasichana na wavulana sawasawa. Shamba, masomo, sala na usingizi visiguswe. Mchezo ukiisha, zungumzeni. Na kabla ya hapo mwingine usifunguliwe.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Barret na Dyne walitoka mji mmoja na msiba mmoja. Ni nini kilichowatenganisha?

2. Ni mambo gani tumeyaanza katika kikundi chetu tukayaacha kabla ya kufika maana yake?

3. Katika kijiji chetu, ni mtoto gani anayehitaji mtu wa kumlea kama Marlene alivyolelewa, na nani ataanza juma hili?