Nani atajua kuwa hujarudi?

Nilipompigia mama simu Pangani kumwambia nakwenda kuzamia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anayeogopa jirani asisikie: "Kuzamia tena, mwanangu? Si ulishapata makaratasi?" Kwetu mzamiaji ni kijana aliyejificha ndani ya meli mpaka nchi za watu. Ikabidi nimweleze: chini ya maji, mama, na mtungi wa hewa mgongoni, kutazama samaki. "Samaki si wako sokoni?" Halafu likaja lile lililokuwa linamuuma hasa. "Unakwenda na nani?" Nikasema peke yangu. "Umekosana na nani?"

Sijakosana na mtu. Nina miaka 53, ni muuguzi wa zamu ya usiku hapa Houston, na kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi kazi yangu ni kusikiliza kengele za mashine. Nimefika mahali hata tanuri ya jikoni ikilia nyumbani natafuta mgonjwa. Kwa hiyo ninapopata siku saba nataka mahali ambapo hakuna kinacholia, na mahali hapo nimepagundua chini ya maji, mita 12 hivi, ambako sauti pekee ni ya mapovu yangu mwenyewe. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 44, maana sisi wasichana wa Pangani tulikulia ufukweni bila kufundishwa hata kuelea. Cheti cha kuzamia nilikipatia Lake Travis, ziwa moja hapa Texas ambalo maji yake ni ya kijani na baridi yake inaingia kwenye meno. Ukifuzu pale, bahari yoyote ya joto utaiona sharubati.

Najua kuna atakayeuliza kama kwetu hakuna bahari. Ipo, tena Mafia ina hifadhi ya bahari tangu 1995, na siku moja nitaizamia. Lakini nikienda Tanzania si likizo, ni msafara: masanduku mawili ya mizigo ya watu, harusi mbili, msiba mmoja, na shangazi anayehesabu siku nilizolala kwa mdogo wake. Visiwa vya Karibea, kutoka hapa nilipo, viko saa chache tu kwa ndege, na hakuna hata shangazi mmoja.

Safari yangu ya kwanza huko niliichagua kama watu wengi wanavyochagua: picha. Bwawa la buluu, kitanda kikubwa, mnazi umeinamia maji. Hoteli yenyewe sitaitaja. Nilichogundua kwanza ni kwamba bei za hoteli hizi hupangwa kwa watu wawili chumba kimoja, na ukija peke yako unaongezewa. Naiita kodi ya mto wa pili: unaulipia, na kila asubuhi unaukuta vilevile ulivyowekwa. Usiku muziki wa bwawani ulipiga hadi saa saba. Meza yangu ya chakula ilikuwa kila siku ileile, kando ya mlango wa jikoni, kana kwamba mtu aliye peke yake ni mwiko mbele ya wenye fungate.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisichosamehe kilitokea majini. Sheria ya uzamiaji ni kwamba mtu huzama na mwenza. Kila mmoja ni mtungi wa akiba wa mwenzake. Aliyekuja peke yake hupangiwa mwenza pale pale mashuani, na mimi nilipangiwa mwanamume mwenye kamera kubwa kama redio ya mbao. Tulipofika mita 22 akamwona kasa, akamfuata. Nikainua macho kutoka kwenye saa yangu ya kina nikaona mapezi yake tu yakiishia kwenye ukungu wa maji. Nilimsubiri dakika moja kama tulivyofundishwa, nikapanda taratibu, nikasimama dakika tatu kwenye mita tano ili naitrojeni itoke mwilini, nikaibuka mbali na mashua, mkondo ukiwa umenisukuma. Niliogelea mwenyewe hadi kwenye ngazi. Nilipopanda, hakuna aliyekuwa ameuliza. Mwenye kamera alikuwa anafuta kioo. "Nilidhani uko nyuma yangu," akasema.

Tangu siku ile naona wanaoandika miongozo ya msafiri pekee wanatuuzia kitu sicho. Wanakwambia utulivu ni machela kati ya minazi miwili. Sisi wauguzi tunajua kwamba si godoro linalomfanya mgonjwa alale vizuri. Analala akijua kuna mtu nje ya mlango anayejua yumo ndani. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijatazama chumba, huandika swali moja na kulituma kwa hoteli tatu: nikichelewa kurudi kutoka majini, nani atajua, na baada ya dakika ngapi?

Majibu yake ni burudani. Mara ya mwisho hoteli ya kwanza ilinitumia orodha ya bei za kukandwa mwili wawili wawili. Ya pili ilisema bahari yao ni salama kabisa, na mimi nimekulia mdomoni mwa mto Pangani, najua bahari ya namna hiyo haijaumbwa. Ya tatu, hoteli ndogo kisiwani Bonaire, alijibu mama wa stoo ya mitungi mwenyewe kwa mistari minne: tuna ubao wa vibati, siku ya kwanza utazama na mtu wetu, Jumapili jioni wageni wanaotafuta wenza wanakutana kwenye kibaraza, na chumba cha kutibia wazamiaji kiko mjini Kralendijk. Nikalipa usiku ule ule.

Bonaire ni kisiwa cha Uholanzi karibu na pwani ya Venezuela, urefu wake haufiki kilomita 40. Tangu Oktoba 2010 kinahesabiwa kama manispaa maalumu ya Uholanzi, lakini wanatumia dola ya Marekani na wenyewe kwa wenyewe husema Papiamentu. Lugha hiyo ilinichekesha tangu uwanja wa ndege: meza ni mesa, bendera ni bandera. Mreno alipita kwao na kwetu, akaangusha maneno yale yale.

Kwa mtu aliye peke yake kisiwa hiki kina neema ambayo haionekani kwenye picha. Upepo wa kwao hauna zamu kama kusi na kaskazi zetu. Unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa magharibi bahari imetulia, na matumbawe yanaanza hatua chache kutoka nchi kavu. Huhitaji mashua, wala saa ya mashua, wala nahodha anayepiga honi. Unakodi pikapu, unapakia mitungi, unaendesha kando ya bahari mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya njano na kuandikwa jina. Hapo ndipo pa kuingilia. Mawe hayo ni zaidi ya 50. Ukijisikia unaingia, usipojisikia unakaa ndani ya gari ukila chungwa, na hakuna abiria kumi na wawili wanaokungoja wakikunja uso. Onyo dogo: wenyeji watakwambia uliache gari na madirisha wazi na usiache kitu ndani hata miwani. Vibaka wapo, na kioo kilichofungwa ni mwaliko wa jiwe. Mimi niliacha kanga kuukuu kwenye kiti. Ilibaki.

Kilichonishangaza zaidi ni maji kutokupwa. Mtoto wa Pangani amezoea bahari inayoondoka na kurudi, bamvua likiacha mashua zimelala ubavu kwenye tope. Kule maji yanapanda na kushuka kiasi cha kifundo cha mguu, basi. Siku ya kwanza nilisimama kwenye jiwe la njano nikisubiri maji yajae, mama mmoja Mholanzi akanitazama kama mtu anayesubiri basi kwenye barabara isiyo na basi. Ndiye aliyekuja kuwa mwenza wangu. Mwalimu mstaafu, haongei sana nchi kavu, na majini haendi mbali nami zaidi ya urefu wa mikono miwili. Tulikutana rasmi kwenye kile kibaraza cha Jumapili, yeye na chai, mimi na chai, wengine na bia zao.

Bahari ile haikubaki nzuri kwa bahati. Mwaka 1962 alifika Mmarekani mmoja, Don Stewart, ambaye kisiwa kizima kilikuja kumwita Kapteni Don, naye akawa miongoni mwa waliosukuma watu waache kuchoma samaki kwa mikuki. Katazo likaja 1971. Mwaka 1979 maji yote yanayozunguka kisiwa, kutoka ufukweni hadi kina cha mita 60, yakafanywa hifadhi. Mgeni analipa ada ya hifadhi, na haruhusiwi kuzama kokote kabla ya kupewa somo na kuzama mara moja mbele ya mwenyeji. Kuna waliokuwa wakinung'unika foleni ya somo lile. Mimi nilifurahi: ndiyo nafasi ya hoteli kuona kama unajua kuelea bila kukanyaga tumbawe, na nafasi yako kuona kama hoteli inajua kazi. Mama wa stoo alituambia bila kuficha kwamba mwaka 2023 ugonjwa unaokula matumbawe magumu uliingia kisiwani, akatuonyesha beseni la dawa la kusafishia vifaa. Hoteli inayokwambia mwamba wake unaumwa ni hoteli ya kuaminiwa. Nyingine zinakuonyesha picha za zamani.

Nilimkuta pia mtani wa nyumbani. Chini ya jiti la matumbawe alikuwa ametandaza mapezi yake yenye milia myekundu, miiba ya sumu juu, yule ambaye Waingereza humwita samaki simba. Ukoo wake ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki; kwetu ni mkazi halali mwenye maadui na majirani. Huku Karibea ni mvamizi, anameza watoto wa samaki wengine, na wazamiaji waliofundishwa wanapewa kibali cha kumuua. Nikamwonea huruma, naye pia alikuwa amezamia, akakosa makaratasi.

Septemba niliichagua kwa sababu ni rahisi, ingawa ni msimu wa vimbunga. Bonaire iko kusini ya njia zao za kawaida. Za kawaida, nasema, maana mwaka 1999 kimbunga Lenny kilikwenda kinyume, magharibi kwenda mashariki, kikaipiga kwa mawimbi ile pwani iliyozoea kulala. Nunua bima. Ya kuzamia, si ya ndege tu, kwa sababu matibabu ya mapovu ya naitrojeni ni saa nyingi ndani ya chumba cha chuma na ankara yake haina aibu.

Kusini mwa kisiwa kuna mashamba ya chumvi, vilima vyeupe vinavyoonekana mbali, na kando ya maji vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa watumwa waliovuna chumvi hiyo. Viko sehemu mbili, na sehemu za kuzamia zilizo mbele yake zimechukua majina ya utumwa huo. Kati ya mzamo mmoja na wa pili lazima upumzike saa moja nchi kavu, na siku ya nne tulipumzikia pale. Kibanda kinanifika kifuani. Niliingia kwa magoti. Ndani huwezi kusimama, na mtu wa urefu wangu hawezi kujinyoosha bila miguu kutafuta mlango. Waholanzi walifuta utumwa katika makoloni yao ya huku 1863. Pangani nayo ilikuwa bandari ya kuwapakia watu, nimecheza utotoni kwenye kuta za nyumba hizo bila kujua. Mwalimu wangu alibaki nje. Nilipotoka hakusema kitu, akanipa chupa ya maji, na mzamo wa pili wa siku ile hatukuufanya.

Utulivu wa mahali pale ulikuwa na sehemu hiyo pia. Hoteli haikuiweka kwenye ratiba, haikuificha. Mzee mmoja wa hotelini, anayejaza mitungi, alituambia tu, mkipita kule, shukeni.

Mzee huyo ndiye mwenye ubao. Umegawanywa kwa chaki, upande mmoja laman, bahari, upande wa pili tera, nchi kavu. Kila mgeni ana kibati chenye namba ya chumba. Unakihamishia laman ukienda, unakirudisha tera ukitoka. Mtoto wa chekechea angeufahamu.

Siku ya mwisho tulizama mbele ya hoteli saa tisa alasiri, mapema, kwa sababu kesho yake ndege, na baada ya kuzama mara nyingi unatakiwa ungoje angalau saa 18 kabla ya kupaa. Nikatoka, nikaoga, nikakaanga kipande cha changu, nikala kwa mkono, nikalala na kanga yangu juu ya kitanda. Mwenzangu alikuwa amerudisha kibati chake akaenda mjini.

Saa moja kasoro robo mlango uligongwa kwa ngumi. Mzee wa mitungi, tochi mkononi, na nyuma yake vijana wawili, suti za kuzamia zimevaliwa nusu, mmoja ameshabeba mtungi. Alinimulika kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Namba 14?"

Nikaitika. Hakufoka. Alizima tochi, akawaambia vijana neno moja, wakaanza kufungua mikanda. Halafu akaelekea kwenye ubao, nami nikamfuata miguu mitupu, kanga nimeikaza kifuani. Kibati changu kilikuwa peke yake upande wa laman. Mkono wake ulikuwa karibu nacho kabisa, lakini hakukigusa. Alisimama pembeni akanisubiri nikihamishe mwenyewe.