Mahasimu Wanapopatana, Tuulize Kamba ni ya Nani

Neno "ubia" limekuwa tamu mno katika semina zetu. Kampuni mbili zilizokuwa zikigombea wateja hutia saini, picha hupigwa, nasi tunapiga makofi kabla ya kuusoma mkataba. Mimi nasema makofi hayo hupigwa mapema. Mahasimu wa biashara hawapatani kwa mapenzi. Hupatana pale wanapogundua kwamba yupo mtu wa tatu mwenye faida kubwa kuliko ugomvi wao. Mtu huyo ni mimi na wewe, ndugu msomaji, na mezani hatukuwapo.

Sisemi kwamba kila mapatano ni hila. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel, wapinzani wa kila siku, walikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom, yenye M-Pesa tangu 2008, ilijiunga mwaka 2016. Kabla ya hapo, mtu wa mtandao mwingine aliyetumiwa pesa alipokea namba ya siri, akaanza kumsaka wakala wa mtandao wa mtumaji. Wengi walibeba laini mbili au tatu kwa ajili hiyo. Mapatano yale yaliuvunja ukuta, na mteja akapata uhuru wa kuhama bila kuwapoteza jamaa zake. Huo ndio ubia ninaoutetea.

Sasa tazama ubia wa pili, wa mwaka ule ule. WhatsApp ilikuwa imeanza kuzila ujumbe mfupi na simu za kawaida, riziki ya kampuni zetu za mawasiliano. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua WhatsApp. Ungetarajia vita. Badala yake, Oktoba 2014 Tigo na Facebook walituletea Internet.org, iliyoitwa baadaye Free Basics: programu ya kufungua kurasa chache bila bando. Ndani ya uzio ilikuwa bure. Nje ya uzio, ulilipa. India iliutazama mpango wa aina hiyo, na Februari 2016 mdhibiti wake akapiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na ukurasa anaoufungua mtu. Sisi tulishukuru.

Wakubwa wa dunia nao hucheza mchezo huo. Google, mwenye Android, na Apple, mwenye iPhone, ni mahasimu wakubwa katika soko la simu. Hata hivyo, nyaraka za mahakama zilionyesha kwamba Google iliilipa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022 ili iwe injini ya utafutaji iliyotangulizwa katika kivinjari cha Safari. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google ilivunja sheria ili kuulinda ukiritimba wake. Fedha nyingi namna hiyo hununua kitu kimoja: uvivu wetu wa kubadilisha kilichokwisha kuwekwa.

Hapa Chwaka somo hili halihitaji profesa. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje mwaka 1989 na kuenea pwani ya mashariki, kampuni za ununuzi ziliwagawia kina mama kamba na mbegu. Kamba ilikuwa bure, lakini aliyeipokea alitakiwa kumuuzia aliyemgawia, kwa bei ya mnunuzi. Programu ya bure inayokuja na mnunuzi wake ni kamba ile ile. Mwani wa leo ni muda wetu, majina yetu, nyendo zetu na mazoea ya watoto wetu.

Nitajibiwa: masikini bora apate kidogo kuliko kukosa. Hoja hiyo naiheshimu, ila naikataa. Kidogo kinachofungua njia ni msaada. Kidogo kinachoifunga ni chambo. Samaki naye hupewa cha bure.

Kwa hiyo nyinyi mnaokalia mafaili Vuga na Mazizini, kila mahasimu wawili wanapowaletea ubia wa kusambaza programu, ulizeni mambo matatu kabla ya kalamu. Je, mwananchi anaweza kuiondoa na kuhamia kwingine bila hasara? Je, kijana wa hapa aliyetengeneza programu yake ataingia mlango huo huo kwa masharti hayo hayo? Je, taarifa zetu zinakwenda kwa nani, na mkataba unasomeka hadharani? Wala msijifiche nyuma ya hoja kwamba posta na simu ni jambo la Muungano. Mamlaka ya Mawasiliano ina masikio, na Zanzibar ina mdomo.

Wanafunzi na wanaharakati, nanyi dai lenu ni moja: mikataba isomwe kabla ya makofi. Majibu yakikosekana, saini nayo ikosekane.