Magazeti yanazikimbiza blogu, Kagerankanda inasubiri mwandishi

Septemba 2005 mpiga picha Issa Michuzi alianzisha blogu yake. Mwaka uliofuata Maxence Melo na Mike Mushi wakafungua Jambo Forums, ambayo leo ni JamiiForums. Tangu hapo magazeti ya Dar es Salaam hayajawahi tena kuwa na uhakika wa kuwa wa kwanza. Wakati wa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, majina yaliyokuwa yakinong'onwa mitaani yalitajwa waziwazi mtandaoni, na Februari 2008, mwezi uleule Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata hilo, Melo na Mushi walikamatwa.

Kigoma nayo imo katika historia hiyo. Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikuwa akiandika hoja zake katika blogu ya Zitto na Demokrasia, na wahariri wakainukuu. Msomaji alinufaika, maana aliipata hoja nzima badala ya aya mbili zilizobaki baada ya mkasi wa mhariri. Lakini pia alimpata mwanasiasa asiye na mtu wa kumkatiza na kumuuliza swali gumu. Kazi ya kuuliza ni ya gazeti, na gazeti linaloinakili blogu tu limeitupa.

Serikali haikuchelewa kuona nguvu hiyo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwatoza wanablogu zaidi ya shilingi milioni 2 za ada, na wengi wakafunga. Magazeti hayakupona: Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya gazeti la Mwananchi zilisitishwa kwa siku 30. Septemba 2025 ikaja zamu ya JamiiForums, siku 90.

Magazeti na blogu vyote vinastahili kutetewa kwa sauti moja. Ila kuna habari ambayo hakuna blogu ya siasa itakayoipata ikiwa imekaa Dar. Huko Kagerankanda, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, wakulima wamevutana kwa miaka na wahifadhi kuhusu ardhi ya msitu wa Makere Kusini. Nani alilima wapi, mpaka uliwekwa lini, nani aliondolewa? Majibu yako shambani na katika ofisi ya kijiji. Gazeti linalopanga ukurasa wa kwanza kwa kutazama kinachovuma mtandaoni litaukuta mgogoro huo siku damu imeshamwagika.

Anayeweza kuuandika mapema ni mwandishi wa wilayani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa habari moja moja na husafiri kwa fedha yake. Hatari anayobeba inajulikana. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, aliandika kuhusu mauaji ya wilayani Kibiti akiishi hukohuko. Alitoweka Novemba 2017 na hajaonekana tena. Wahariri wanaotaka kushindana na blogu waanze kumlipa mtu wa Kasulu nauli ya kwenda Kagerankanda, posho ya siku atakazolala huko, na wakili wa kumsimamia akikamatwa.