Wasiusingizie Upepo

Ziwa Duluti, pale Tengeru chini ya Mlima Meru, ni ziwa la kasoko lisilotimia kilomita moja ya mraba, tena limezungukwa na msitu. Upepo hauna masafa ya kukuza wimbi humo. Mtumbwi wa kafi hauna dhara. Lakini mashua ya mashine ikipita mbio karibu na ukingo, huleta wimbi geni. Na wimbi likizidi kimo mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Udongo humegeka, mizizi ikabaki uchi. Sisi watu wa visiwa twayajua hayo. Basi wakubwa wasitoe ruhusa leo, kesho ukingo ukibomoka wakausingizia upepo. Upepo hauombi leseni. Mwenye kuitoa ndiye wa kuulizwa.