Hakimu Aulize Nani Atalala Njaa



Katika mahakama zetu za pwani husikika ombi lile lile: mshitakiwa apunguziwe adhabu, ana mke na watoto wanaomtegemea. Na jibu aghalabu ni lile lile: adhabu kali, iwe fundisho kwa wengine. Mtu hupelekwa Gereza la Maweni, nasi tunarudi nyumbani tumeridhika. Juma hili nauhoji uradhi huo.

Tuchukue uvuvi wa baruti, balaa lililoisumbua pwani ya Tanga kwa miaka mingi. Safari moja ya baharini yaweza kuzaa mashitaka matatu: kumiliki baruti, kuvua kwa baruti, na kukutwa na samaki waliouawa kwa baruti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inataka vifungo vya namna hiyo vifuatane, isipokuwa mahakama iagize viende pamoja. Pimeni uzito wa neno hilo "isipokuwa". Tuseme ni miaka 5, 3 na 2. Vikienda pamoja, baba atamkuta mwanawe wa darasa la kwanza angali shule ya msingi. Vikifuatana ni miaka 10, na utoto umekwisha.

Mahakama za juu zimekwisha kufundisha kwamba makosa ya tukio moja kwa kawaida adhabu zake ziende pamoja. Hata pale sheria inapomfunga hakimu mikono, kama miaka 30 ya unyang'anyi wa kutumia silaha, uamuzi huu bado ni wake.

Wapo watakaosema kwamba si kila maskini hurusha baruti. Ni kweli. Matumbawe yakivunjika, anayeumia kwanza ni maskini mwenzake mwenye mshipi na dema. Shida si kibali cha kutenda kosa, nami siombi mkosaji aachiwe. Naomba shida yake ipimwe, isisikilizwe tu. Sheria hiyo hiyo inamruhusu hakimu kupokea ushahidi kabla ya kutoa adhabu. Basi aitwe ofisa ustawi wa jamii, aitwe mwenyekiti wa kijiji: watoto wapo kweli? Nani atawalisha? Baruti ilitoka kwa tajiri gani? Mwongo ataumbuka, na mkweli hatazidishiwa mzigo usio wake.

Tulikwisha kujaribu njia ya ukali mtupu. Sheria ya mwaka 1963 ilimpa mkosaji wa mara ya kwanza, kwa makosa yaliyoorodheshwa, kifungo cha miaka 2 na viboko 24. Shida yake ilitazamwa tu iwapo mali haikuzidi shilingi 100. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1972. Wezi hawajaisha.

Kitabu cha Mithali humwelewa aibaye kwa njaa, na bado humdai alipe. Huruma na malipo vinakaa nyumba moja. Kwa makosa madogo tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo humwezesha mkosaji kulipa kwa jasho lake huku akilea wanawe.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, mwenzenu akitiwa hatiani, nendeni mkaseme ukweli wa nyumba yake. Kisha mpelekee familia unga.

Dominika njema.