Mungu anafanya kazi hata mpakani

Ninyi wazazi wetu mulioacha nyumba na mashamba kwa sababu ya vita, tumezoea kutafuta kazi ya Mungu katika miujiza. Mimi naiona kwa kijana mmoja wa hapa Goma.

Floribert Bwana Chui alikuwa mtumishi wa OCC, ofisi inayokagua bidhaa mpakani. Alikuwa pia wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa maibobo. Mwaka 2007 walimletea pesa ili aachilie vyakula vilivyoharibika vipite. Alikataa. Mwezi wa saba aliuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri.

Wale ambao wangekula vyakula vile hawakumjua. Labda ni mimi, labda ni wewe.

Basi Mkristo unayeandika orodha ya msaada, usimwombe mama mkimbizi matabishi. Usitangulize jina la shemeji yako mbele ya mjane. Tukiomba asubuhi kanisani na kula haki ya mwenye njaa saa sita, watu wataionaje kazi ya Mungu kwetu?