Niliomba saa moja tu

Mwezi uliopita nilidokeza hapa kwamba nimejiandikisha kwenye mashindano, na simu hazikukoma. Wengine mliuliza kama ni ya mapishi. Hapana. Ni duathloni: unakimbia, unapanda baiskeli, halafu unashuka na kukimbia tena. Kwenye mashindano ya kimataifa, umbali mfupi ni kilomita 5 za mbio, 20 za baiskeli na 2.5 za kumalizia. Sisi huku Chemchem, chini ya vijana wa mtaa na walimu wachache, tulipunguza: 3, 12, halafu moja na nusu. Kwa mama wa watoto wanne mwenye miaka 44, hizo nazo si chache.

Sikuamka tu siku moja nikataka kuwa mwanamichezo. Februari nilikwenda zahanati kumpeleka mtoto mwenye kikohozi, nesi akanipima presha na mimi. 158 kwa 98. Akapima tena baada ya nusu saa, ikawa vilevile. Marehemu baba yangu aliondoka kwa kiharusi akiwa na miaka 51, kwa hiyo namba hizo sikuzichukulia kama namba. Nesi alinipa vidonge, akanikataza chumvi ya mezani, kisha akasema Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki. Gawa utakavyo, akasema. Nikagawa: nusu saa, siku tano. Ukiongeza kuvaa, kutoka, kurudi na kuoga, ni saa moja kila siku.

Sasa hiyo saa moja iko wapi? Jioni napika. Usiku hapana. Na alfajiri mnajua jua la kwetu Tabora linavyochelewa; Dar es Salaam kumeshapambazuka, sisi bado tunapapasa ukuta. Iliyobaki ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na hiyo ndiyo saa inayoshikilia nyumba yangu yote. Ni saa ya uji, ya sare, ya kumwogesha mdogo, ya chai ya Baba watoto, ya daftari lisiloonekana. (Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika mjini kwetu ilikuwa pia saa ya ndoo. Tuliopanga foleni hatusahau.)

Nilipomweleza Baba watoto nilikuwa nimejiandaa kujibu swali la watu watasema nini, mke wa mtu anakimbia barabarani na suruali ya michezo. Hakuliuliza. Alinyamaza, akakuna kidevu, akasema, "Sasa Mama, uji nani atakoroga?"

Nikakosa jibu. Jibu lilitoka kwa mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Sikonge kutibiwa macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, tukidhani amesinzia. "Bibi wa bibi yangu alikwenda pwani kwa miguu na kurudi, mtoto mgongoni," akasema. "Mwenzio anaomba saa moja. Wewe huna mikono?"

Hakutia chumvi. Sisi tukitaja misafara tunawataja wanaume, wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo yao ya kilo thelathini au zaidi, miezi mitatu hivi njiani kati ya hapa na Bagamoyo. Lakini wake zao wengi walikuwa mle mle kwenye msafara, wamebeba vyungu na watoto, na wakifika kambini ndio wanaopika. Hilo la mwisho halijabadilika sana, ila mama mkwe hakulisema, na mimi sikutaka kuharibu bahati yangu.

Wiki ya kwanza uji uliungua mara mbili. Mdogo alikwenda shule na soksi moja nyeupe na nyingine ya bluu. Nami niungame jambo: kilichokuwa kigumu si kukimbia. Ni kufika getini, kusikia sufuria inafurika, na kuendelea kutoka. Siku ya tatu nilirudi. Nikakuta baba na wanawe wamepiga magoti wanafuta jiko kwa gazeti, wanacheka, na hakuna aliyeniita. Niliumia kidogo, kusema kweli. Nilidhani bila mimi pale ni kilio.

Mazoezi yenyewe yalianza kwa mchakamchaka kama wa shule ya msingi, tofauti ni kwamba hakuna mwalimu wa zamu na fimbo. Baiskeli ni Phoenix ya Baba watoto, ile nzito yenye keria kubwa nyuma. Fundi wetu wa chini ya mwembe aliinua kiti, akakaza breki, akaniuliza nabeba mkaa au asali. Nikamwambia najibeba mwenyewe.

Ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni kushuka. Ukitoka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia, miguu si yako. Mapaja yamezoea kusukuma pedali ukiwa umekaa, sasa unayaamuru yabebe mwili mzima ukiwa wima, nayo yanagoma. Unainua goti, halipandi. Dawa yake ni kuzoeza: unaendesha, unashuka, unakimbia papo hapo hata dakika tano. Baada ya wiki kadhaa mwili unaanza kukumbuka. Majirani walioniona naegesha baiskeli kwenye ua na kuchomoka mbio walidhani nimeacha kitu jikoni.

Mashindano yalikuwa Jumamosi ya Julai, baridi na vumbi. Tulikuwa ishirini na nane, wanawake watano. Mbio za kwanza nilifanya kosa la wageni wote, nikawafuata vijana. Nilifika kwenye baiskeli nahema kama ng'ombe, nikaishika, mwalimu akapiga filimbi. Kanuni ya mchezo huu ni kwamba kofia ngumu unaivaa na kuifunga kwanza, ndipo unagusa baiskeli. Nikairudisha, nikavaa, vidole vinatetemeka, kamba haifungi. Dakika nzima hiyo imekwenda.

Njia ya baiskeli ilielekea upande wa Kwihara. Wenyeji mnaujua mchanga wa njia zile. Gurudumu linazama, usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Upepo ulikuwa usoni. Kabla sijafika pa kugeuzia, mnyororo ukachomoka. Nikakaa chini kwenye mchanga, mikono imejaa grisi, nikawaza yule mzee Livingstone aliyekaa Kwihara mwaka 1872 tangu Machi hadi Agosti, anasubiri wapagazi wake watoke pwani. Mimi nilisubiri dakika sita. Zilitosha kunifanya nitake kulia. Wanawake wawili walinipita, na mzee mmoja wa miaka sitini na zaidi, mwenye kanzu aliyoikunja kiunoni, akanipungia mkono bila kupunguza mwendo.

Niliporudi na kuishusha ile Phoenix, miguu ikagoma kama kawaida yake. Nikatembea hatua kumi. Nikakimbia. Kwenye kona ya mwisho walikuwepo wote: Baba watoto amembeba mdogo mabegani, wakubwa wanapiga sufuria kwa mwiko, ile ile ya uji, na mama mkwe kwenye kigoda na miwani yake mipya. Alipaza sauti kuuliza, "Ni yupi?" Nilicheka nikapoteza pumzi. Nikamaliza kwa saa moja na dakika 21, wa nne kati ya wanawake watano. Wa kwanza alipewa lita tano za asali. Sisi wengine tulipewa soda.

Wiki hii presha ilikuwa 136 kwa 86. Vidonge sijaviacha, na nesi amenionya nisijidanganye, mazoezi hayakufuta daftari la baba. Wewe unayesoma na hujapima tangu ujauzito wa mwisho, kapime, ni dakika chache tu.

Jumatatu baada ya mashindano nilibaki kitandani. Niliona mkataba umekwisha, saa yao nimeshaitumia vya kutosha. Saa kumi na mbili nikasikia kuni zinavunjwa, kisha mwiko. Baba watoto akachungulia mlangoni, unga kwenye mkono wa shati.

"Leo huendi?"

Nikamwambia mashindano yameisha.

"Mdogo ameshakupangusia raba," akasema. "Ziko mlangoni. Na ukirudi upitie kwa fundi, mnyororo ule haufai."